Jiwe la Kiapo

Beji ilikuwa imelala juu ya daftari la Mwalimu Farjallah, utepe wake wa kijani umeshafungwa fundo na jina limeshaandikwa: KAHASO MWARINGA. Niliiona vizuri kabla hajaifunika kwa kiganja.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Huyo mgongoni ni nani?"

"Kache."

"Sikuuliza jina lake. Nauliza yuko hapa kufanya nini."

Nikamweleza. Jirani anayenishikia mtoto aliitwa kazini alfajiri, kwenye hoteli anakotandika vitanda, na Kache ana miezi minane, hawezi kuachiwa paka. Mwalimu Farjallah akavua miwani, akaipangusa kwa upindo wa kanzu yake. Ndiye katibu wa chama chetu cha waongoza wageni. Alisomesha jiografia mpaka akastaafu, na sauti yake ukiisikia utadhani imepakwa samli. Anaupenda mji huu wa kale wa Malindi kama wengine wanavyopenda mke wa pili. Hilo sitamnyima.

"Kanuni inasema mwongozaji habebi mzigo," akasema. "Chupa ya maji na mwavuli, basi."

"Kache si mzigo, mwalimu."

Akanitazama. Nikamtazama. Wageni walikuwa wameshafika, kwa hiyo akavaa miwani yake na kusema, "Twende. Lakini nimeliandika."

Ilikuwa siku yangu ya mtihani. Kuna kijitabu alichokitunga yeye mwenyewe, chenye vituo kumi na viwili, kuanzia msikitini mpaka ufukweni, na kila mwongozaji hukihifadhi neno kwa neno. Siku ya mtihani unawatembeza wageni, naye anafuata nyuma na kalamu. Ukikosea kituo kimoja unarudi mwakani. Ukivipata vyote unavaa beji.

Mimi beji ile niliitaka mpaka nikaiota. Kazi yangu ni kuwafulia watu nguo. Nafua shuka na taulo kwenye nyumba za wageni kule Shela, mikono ndani ya maji tangu asubuhi mpaka ngozi ya vidole inaumuka kama mkate. Kabla yangu alifua mama. Miaka miwili nimekwenda masomo ya jioni, tunakaa kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti yanagonga mbao, na Mwalimu Dorcas anatwambia, "Nyinyi hamkuchelewa. Mlikuwa njiani." Kache nilimbeba tumboni kwenye somo la Historia, na mtihani wa mwisho niliufanya maziwa yakinivuja. Nikapata alama ya pili kutoka juu. Basi siku ile nilijiambia: leo natoka ndani ya beseni.

Wageni wenyewe walikuwa mume na mke kutoka Machakos, Lewis na Nduku, waliokubali kutembezwa bure ili mimi nipimwe. Lewis alikuwa na simu mkononi, akipiga picha hata mabomba. Nduku ni muuguzi, mnene, mcheshi, kavaa raba nyeupe ambazo alizijutia mapema.

Vituo vinane vya kwanza vilikwenda kama maji mtaroni. Msikiti wa Juma nikausema. Makaburi ya nguzo nikayasema, na Lewis alipouliza kwa nini kaburi lijengewe mnara, nikamjibu aliyelala pale alitaka ajulikane hata na anayepita baharini.

"Hata akiwa amekufa anataka kuonekana?" akasema Nduku. "Huyo ni kama baba yako, Lewis."

Nyuma nikaisikia kalamu ya mwalimu ikiweka alama ya vema. Kila alama ina mlio wake, krr fupi. Nilizihesabu. Nane.

Kituo cha tisa kiko kwenye kichochoro nyuma ya nyumba ya Bi Zuleikha. Ni nyumba ya zamani ya mawe, kuta nene, na mlango wake wa uani huachwa wazi asubuhi ili upepo upite. Ukisimama kichochoroni unaona ndani kipande cha ua: mgomba, kamba ya nguo, na jiwe. Jiwe lenyewe linafika magotini, jeusi, limelala kwa mshazari, na katikati lina bonde laini kama kiganja kilichokinga maji.

Kijitabu kinasema hivi, nami nakijua mpaka nukta: *Tazameni, wageni watukufu, Jiwe la Kiapo. Hapa wafanyabiashara wa kale waliweka viganja vyao wakaapa kutodhulumiana. Bonde mnaloliona limechimbwa na viganja vya wakweli.*

Ni maneno mazuri. Mara ya kwanza nilipoyasoma, usiku nikimnyonyesha Kache, nilicheka mpaka akaachia titi. Halafu nikaacha kucheka. Kwa sababu jiwe lile nalijua. Mama yangu, Kadzo, alitoka Ganda kwa miguu kila Jumatatu na Alhamisi, miaka kumi na mmoja, akaja kufua juu yake. Nami nikiwa mdogo nilikaa chini ya mgomba ule nikilamba kipande cha muwa. Jiwe la kufulia. Bonde limechimbwa na sabuni, kanzu, shuka, na mikono ya wanawake ambao majina yao hayamo kijitabuni.

Kwenye mafunzo niliinua mkono nikasema. Wenzangu, wanaume watupu, wakaguna. Mwalimu Farjallah akanijibu kwa upole kabisa, "Binti, hilo limeshaandikwa," na akafungua ukurasa uliofuata.

Alikosea vipi mtu msomi kama yule? Alikosea kwa adabu. Mwanamume wa kuheshimika haingii ua wa watu, mahali wanawake wamekaa bila ushungi. Kwa hiyo aliliona jiwe kutoka kichochoroni, akiinamisha macho nusu. Halafu akaenda kumuuliza mwenye nyumba barazani mbele, marehemu Bwana Mohammed, mumewe Bi Zuleikha. Naye Bwana Mohammed saa za kufua hakuwa akikanyaga uani kwake, sembuse kushika sabuni. Akamjibu, "Hilo ni jiwe la heshima, tumelikuta na wazee." Wanaume wawili wenye adabu, na jiwe likapata cheo.

Nikasimama mbele ya mlango. Kache alikuwa akitafuna utepe wa kofia yangu.

"Tazameni, wageni watukufu," nikaanza.

Nduku akachungulia. "Ai, hilo jiwe limeliwa namna hiyo na nini?"

Aliuliza hivyo tu, kama mtu anavyouliza bei ya ndizi. Na mimi nikaona mgongo wa mama. Siku hizi hauinuki. Akitaka kunyanyuka mkekani hushika ukuta kwanza, akapumzika, ndipo akasimama.

"Kijitabu kinasema ni Jiwe la Kiapo," nikamwambia. "Kwamba matajiri waliweka viganja hapo wakaapa. Mimi nasema ni jiwe la kufulia nguo. Limeliwa na wanawake."

Kalamu ilinyamaza.

"Wageni, tuwieni radhi kidogo," mwalimu akasema, na kuniita pembeni, ukutani kwenye kivuli. Hakupandisha sauti. "Binti, vituo vinane umevisema vizuri kuliko Ngowa, na Ngowa ana miaka sita kazini. Rudi mwanzo wa kituo hiki. Mimi nitakuwa sikusikia. Beji hii hapa." Akaigusa mfukoni.

"Nikirudi nitasema hilo hilo, mwalimu."

"Unajua unajifanyia nini? Wageni wanataka mji wa masultani na majahazi. Wewe unataka wakukumbuke kama mtoto wa mfua nguo?"

Nikatazama mikono yangu. Nilikuwa nimeipaka mafuta ya nazi asubuhi, nikaisugua hata kwenye kucha, isijulikane.

"Ndiyo," nikasema. "Wanikumbuke hivyo."

Na hapo hapo, kama aliyekuwa akingoja zamu yake, Kache akajisaidia. Nilihisi joto likiteremka kwenye leso niliyombebea, na harufu ikatufikia sote watatu. Mwalimu Farjallah akarudi hatua moja.

"Haya sasa," akasema. "Ndiyo maana ya kanuni."

Nikageuka, nikaenda mlangoni.

"Hodi hapa!"

"Hodi ya nani?" Sauti ya Bi Zuleikha ikatoka jikoni.

"Kahaso, Bi. Mwana wa Kadzo."

"Kadzo wa Ganda? Ingia, mwanangu, mlango si uko wazi?"

"Nina mgeni mwanamke. Na mtoto kajichafua."

"Waingie wote. Wanaume wabaki huko huko, mimi nina kichwa wazi."

Lewis alikuwa ameshainua mguu, akaushusha. Nikaingia na Nduku. Bi Zuleikha alitoka jikoni na mwiko mkononi, nywele zake nyeupe kazisuka mikia miwili kama msichana, akaniangalia juu mpaka chini.

"Umekuwa mama. Na huyu jina?"

"Kache."

"Mpe hapa huyo. Wewe safisha."

Akampokea vile vile alivyo, hakukunja pua. Nikachota maji kwenye pipa, tukamsafisha Kache, Nduku akamfunga nepi kavu kwa mikono ya kikazi, upesi kuliko mimi. Kisha nikaichukua ile chafu, nikaisuuza pembeni kwenye karai, nikaomba kipande cha sabuni. Nikapiga goti mbele ya Jiwe la Kiapo, na mlango wazi, na wanaume wawili kichochoroni, na nikafua nepi ya mwanangu.

Nilifua na huku naongoza. Sauti nikaipandisha iwafikie walio nje.

"Mguu wa kushoto unakaa hapa. Mnaona panavyong'aa? Wa kulia unarudi nyuma. Nguo unaipeleka juu, unairudisha kwako, na uzito wote unatoka kiunoni. Jiwe limelazwa mshazari makusudi, maji machafu yateremke kwenye huu mfereji mpaka kwenye mgomba. Ndizi za nyumba hii zilinenepa kwa jasho la kanzu. Kabla ya mama yangu alifua mwanamke aliyeitwa Kahaso kama mimi. Kabla yake mama hamjui, lakini bonde alilikuta."

Nduku akainama, akaweka kiganja ndani ya bonde. Kikaenea. Hakutania. "Ni laini kuliko uso wangu," akasema polepole.

"Bi Zuleikha!" Mwalimu Farjallah akaita kutoka nje, sauti kaielekeza ukutani kwa heshima. "Asalaam aleikum."

"Waleikum salaam, Farjallah. Habari za mkeo, mama Hafswa?"

"Alhamdulillahi. Bi, hebu mweleze binti huyu kuhusu jiwe."

"Nimweleze mimi? Yeye ndiye analifulia."

"Nasema historia yake."

Bi Zuleikha alimhamisha Kache begani, akasogea mpaka nyuma ya ubao wa mlango, asionekane. "Farjallah, miaka yote hii kila Jumanne na Ijumaa nakusikia hapo nje ukiwaapisha Wazungu. Nami humu ndani, tangu Kadzo alipoacha, nimepiga magoti kwenye kiapo chako, nasugua suruali za marehemu. Kiapo gani kinachotaka mfereji?"

Lewis aliangua kicheko huko nje, kisha nikamsikia akikohoa kukificha.

"Mbona hukuniambia?" Sauti ya mwalimu ilikuwa imepoteza samli.

"Ulimuuliza Mohammed. Mimi hukuniuliza. Ulitaka nitoke nikamsahihishe mume wangu barazani, watu wanasikia? Nikasema, ah, mwachieni jiwe lake. Nguo zinatakata vile vile."

Nikaikamua nepi, nikaianika kwenye kamba. Nilipotoka, mwalimu alikuwa ameegemea ukuta na anaandika. Nilijua anaandika nini kabla hajanikabidhi. Karatasi ya matokeo ina sehemu ya sababu, na chini yake mstari wa kutia sahihi.

*Amefeli. Sababu: alibeba mtoto.*

"Tia sahihi, tumalize," akasema. "Mwakani utakuja bila mtoto, mambo yatakuwa mepesi."

Kalamu nikaipokea. Naapa nusu niiweke ile sahihi. Mtu aliyezoea kufanyia watu kazi, mkono wake hutii kabla ya kichwa. Halafu nikaisoma tena ile sababu, nikamrudishia kalamu.

"Sitii."

"Binti."

"Nilipofika na mtoto ulisema twende. Vituo vinane nimesema na mtoto mgongoni, ukaviwekea alama, nilisikia. Kama nimefeli, nimefeli kwa jiwe. Basi andika jiwe."

"Ni yale yale."

"Siyo. Hiki unachoandika kitawekwa kwenye faili. Mwakani Kache atakuwa anatembea, na mtu atafungua faili aseme, huyu alishindwa kwa sababu ya mtoto wake. Mwanangu hakunishinda. Andika kilichotokea, mimi nitasoma hapa hapa, na nikikuta ni kweli natia sahihi. Kusoma nimefundishwa. Jioni, lakini nimefundishwa."

Lewis alikuwa ameacha kupiga picha. Nduku alisimama mlangoni, raba zake zimelowa, Kache mikononi mwake. Mwalimu Farjallah akaichukua karatasi. Kisha, kwa sababu ni mtu wa haki hata anapoumia, akakata mstari ule, akaandika mwingine chini yake, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni.

Nikaichukua, nikaisoma kwa sauti, kichochoro kizima kisikie. "*Kahaso Mwaringa amefeli. Sababu: amesema jiwe lililo uani kwa Bi Zuleikha ni la kufulia nguo.*"

Ndani, Bi Zuleikha alisema, "Soma tena, sikusikia vizuri," na alikuwa amesikia vizuri.

Nikasoma tena. Nikanyoosha mkono kuomba kalamu nitie sahihi, kwa moyo wangu wote, maana karatasi ile ilikuwa kweli tupu na ningeweza kumwonyesha mama. Lakini mwalimu hakunipa kalamu. Akaichukua karatasi yenyewe mikononi mwangu, polepole, akausoma mwandiko wake kana kwamba umeandikwa na mwanafunzi.

"Bi Zuleikha," akasema, "naomba ruhusa niingie."

"Ngoja nijitande ushungi. Kisha uingie na huyo mgeni mwanamume."

Tukangoja. Akaingia, akavua viatu ingawa ni uani tu, na akasimama mbele ya jiwe. Aliinama, akaweka kiganja. Alipokiinua kilikuwa na povu. Akalitazama likipasuka vipovu vipovu, na hakujifuta kwenye kanzu, akaliacha likauke lenyewe.

"Miaka kumi na tisa," akasema, hakumwambia yeyote.

Bi Zuleikha hakumdhihaki. Alimletea maji ya kunawa kwenye kopo, na mwalimu akanawa, na wakati akinawa akaniuliza bila kugeuka, "Huyo Kahaso wa kwanza, aliyefua kabla ya mama yako. Alikuwa wa wapi?"

"Mama anasema Magarini. Sina hakika. Nitamuuliza vizuri."

"Muulize." Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni, upande wa pili wa ule wenye beji. "Bado vituo vitatu. Jua linapanda. Usiwachomee wageni."

Bi Zuleikha akatufungulia njia ya kupita ndani. "Piteni sebuleni, mtokee mlango mkubwa wa mbele, wageni wakaone na nakshi."

Mlango ule sikuwahi kuupita maishani mwangu. Mama yangu pia. Nilimwona Lewis ameshaandaa simu. Nikamfunga Kache mgongoni, nikakaza fundo la leso kifuani.

"Ahsante, Bi. Nakshi tutaziona tukizunguka. Lakini wageni wangu leo nawatoa kwa mlango wa mama yangu."

"Wewe ni Kadzo mtupu," akasema Bi Zuleikha. "Jeuri ile ile."

Tukatoka kwa nyuma. Nikausema mlango wa mbele, kituo cha kumi, nikasema cha kumi na moja, na cha kumi na mbili nikakisema upepo wa bahari ukinivua kofia, Kache amelala, mate yake shingoni mwangu. Krr. Krr. Krr. Nilizisikia zote tatu. Lakini ile ya tisa ilikuwa bado, na sote wawili tulijua.

Tulipoagana na Lewis na Nduku, mwalimu alitoa beji mfukoni. Hakunivisha. Aliishika kwa utepe ikaning'inia kati yetu.

"Hii utaivaa Jumatatu," akasema. "Kabla ya hapo, kituo cha tisa ukiandike upya. Ukurasa mmoja. Na kichwa chake kipya. Kisha uniletee nikisahihishe."

"Nitaandika, mwalimu."

"Na Jumatatu uje bila mtoto."

"Nitakuja naye, mwalimu. Na kuhusu kusahihisha," nikasema, nikimtazama machoni, "usahihishe tahajia tu."

Akairudisha beji mfukoni. Halafu akaondoka zake kupandisha njia ya msikitini, na nilimwona mbali akikinyanyua kile kiganja chake na kukinusa.